Msamaha Hausafiri kwa Basi

Krushevo Dol, Jumanne 12 Januari 1999

Mdogo wangu Nedyalka,

Nakuletea salamu gunia zima, maana Mincho wa basi la Volos hatozi salamu kwa uzito. Angepima, angeshanitoza tani kumi tangu ulipoondoka.

Huku wazima. Theluji imefika dirishani. Nguruwe nilimchinja mwenyewe kabla ya Krismasi, kilo mia na arobaini, Radko jirani alikuja kumpima kwa macho akaondoka, wivu umemkaba. Simu ya posta imekufa tena. Wezi wamekata waya wa shaba kutoka kwetu mpaka relini, ndiyo maana ulipopiga sikukuu ukasikia kimya. Usidhani nilikununia. Kaburi la Mama nimelifagia, nikawasha mshumaa wako na wangu. Wako uliwaka muda mrefu zaidi, na niliinunua duka moja.

Sasa kichekesho. Jumamosi natoka sokoni na gari langu la Moskvich, ukungu mzito, kwenye kizuizi cha reli nikasimama kama sheria inavyotaka. Mimi niliyeendesha malori Libya miaka mitatu, sijawahi kuparuza hata ngamia! Nyuma yangu mtu, pu! Bampa, taa moja, na kofia yangu ikaruka mpaka kiti cha nyuma. Nikashuka.

"Wewe kipofu au umelala?"

"Mzee, breki zimekataa!"

"Zimekataa, au umezisahau kwa mama mkwe wako?"

Akaniangalia vizuri. "Ngoja. Si wewe ndiye Kanyo, yule kiongozi wa kukeri, wacheza ngoma wa vinyago na kengele? Baba yangu mhunzi ndiye aliyekufulia kengele yako kubwa!"

Basi, hapo hasira ikaenda wapi? Kijana anaitwa Tancho. Alikuwa na chupa ya rakia kwenye buti, ya zabibu za kwao, tukainywa palepale relini mpaka treni ikapita na dereva wake akatupigia honi. Polisi hatukumwita, karatasi hatukuandika. Ukishakunywa na mtu chupa moja huwezi tena kumshtaki. Kesho yake akaniletea bata mzinga kama fidia. Tangu siku hiyo kichwa kinanigonga kidogo kwa nyuma. Rakia ya kwao kali.

Kukeri tunatoka tarehe 21 Februari, Jumapili ya Msamaha. Mwaka wa ishirini na tatu natangulia mimi. Je, safari hii utakuja kuubusu mkono wa kaka yako na kuomba msamaha kama mdogo anavyopaswa? Usiniandikie "nisamehe" kwenye karatasi kama miaka yote. Nimekwambia, msamaha hausafiri kwa basi.

Kaka yako,
Kanyo


Volos, Ijumaa 22 Januari 1999

Kaka Kanyo,

Mkono wako naubusu kutoka huku, najua haihesabiki.

Mimi mzima. Bibi Evanthia ninayemtunza naye mzima kwa miaka yake themanini na nane. Anakula, ananitukana, ananiita kwa jina la binti yake, halafu ananiomba radhi na kunipa chungwa. Huku machungwa yanaoza barabarani, Kaka. Kila nikikanyaga moja nakumbuka Mama alivyokuwa akitugawia moja mwaka mzima, watoto wawili na kisu, na wewe ukisema unapenda maganda.

Nimecheka hiyo habari ya reli. Kisha nikaacha kucheka. Hukusema kama uliumia.

Kuhusu kuja: karatasi zangu ziko ofisini, wanasema kadi ya ukaazi itatoka kiangazi. Nikivuka mpaka kabla haijatoka, mlango unafungwa nyuma yangu. Usiniulize tena, naomba.

Kwa hicho kichwa nimempa Mincho aspirini, boksi mbili kubwa, nzuri za huku. Meza ukiumwa. Na soksi za sufi, na machungwa sita. Usimpe Radko.

Nedyalka


Krushevo Dol, Jumanne 2 Februari 1999

Neda wangu,

Salamu kutoka kwangu, kutoka kwa mbwa, na kutoka kwa Moskvich ambayo sasa ina jicho moja kama haramia.

Machungwa yamefika matano. Mincho anasema la sita lilianguka. Midomo yake inanukia ganda.

Aspirini zako dawa ya kifalme! Nazitafuna kama karanga, asubuhi mbili, mchana mbili, na jioni nikikumbuka. Kichwa kinatulia, kisha kinarudi na ndugu zake. Radko alinifunga majani ya kabichi iliyochacha shingoni, nikanuka kama pipa siku tatu. Nimemwambia Libya kulikuwa na daktari mmoja Mjerumani aliyenitazama tu machoni akasema, "Kanyo, wewe huwezi kufa, umetengenezwa kwa chuma." Nilikuwa na homa ya tumbo wakati ule.

Najishangaa jambo moja. Nalala. Mimi! Nakaa kusuka manyoya ya kinyago, nafumba jicho, nafungua, kumekucha kesho yake. Na ndala ya mguu wa kushoto inanitoka humu ndani bila mimi kujua, naifuata kama kuku anayefuata mahindi. Nimevunja vikombe viwili vya Mama, vile vyenye waridi. Hivyo nisamehe wewe.

Tancho aliniletea bata mzinga. Nilikuambia kuhusu Tancho? Kijana mzuri, baba yake ndiye aliyefua kengele yangu.

Nakusubiri tarehe 21. Najua ulichoandika. Nakusubiri tu.

Kanyo


Volos, Ijumaa 5 Februari 1999

Kaka,

Salamu baadaye. Bibi mzima, mimi mzima.

Nijibu kama unavyomjibu kuhani. Kofia yako iliruka mpaka kiti cha nyuma. Kofia hairuki bila kichwa, Kaka. Ulijigonga wapi?

Nitakueleza kwa nini nauliza. Mwaka juzi Bibi Evanthia aliteleza bafuni. Hata damu haikutoka, tukacheka, nikampa chai. Wiki tatu baadaye alianza kuweka kijiko hewani badala ya mezani, na kijiko kikianguka anakishangaa. Mkono uleule mmoja. Analala mchana. Mwanawe akasema ni uzee, mimi nikasema ndiyo, ni uzee, maana mimi ni nani? Daktari ndiye aliyetuambia: mshipa mdogo ulikatika siku ile, damu ikawa inavia ndani ya fuvu tone kwa tone, wiki baada ya wiki, mpaka ikaanza kuusukuma ubongo. Wakamtoboa, wakaitoa, siku ya tatu akanitukana vizuri kabisa. Daktari akaniambia pia kwamba aspirini alizokuwa akimeza kwa moyo ndizo zilizoizuia damu kuganda.

Nimekaa na barua yako tangu Jumatano. Ndala ya kushoto. Vikombe ulivishika kwa mkono gani?

Ziache aspirini zangu. Zitupe leo, hata kama kichwa kinapasuka. Na uende hospitali, ya mjini, siyo kwa Radko.

Nedyalka


Krushevo Dol, Jumanne 16 Februari 1999

Neda,

Salamu. Barua yako imefika Jumamosi, siku nane njiani, wakulima wenu wamefunga barabara kwa matrekta na Mincho alilala mpakani akila biskuti. Aspirini zilikuwa zimebaki nne. Nimeziacha hizo nne, kukuridhisha.

Wewe siku hizi daktari? Kijiko cha bibi wa Kigiriki na kichwa cha Kanyo vinahusiana nini? Ndiyo, niligusa nguzo ya mlango kidogo, hapa juu ya sikio. Hata damu haikutoka. Nimegongwa vibaya zaidi na marehemu mke wangu.

Sasa sikia jambo la maana. Jana tumejaribu kengele. Kilo thelathini na sita kiunoni, kinyago kichwani, wanaume kumi na wanane uwanjani. Unajua kiongozi lazima ayumbe kama suke zito, akiyumba vizuri ngano ya mwaka inajaa. Miaka yote nayumba kwa akili. Jana, Neda, sikuyumba mimi. Niliyumbishwa! Mguu wa kushoto ulikuwa unakwenda wenyewe, unainama wenyewe, nakwenda upande mmoja kama shamba zima chini ya upepo. Wanawake wamejipanga ukutani wanalia. Radko, Radko yule, akavua kofia: "Kanyo, nilikuwa nakusema vibaya miaka ishirini. Sijaona mtu ameyumba hivi tangu babu yako."

Nilianguka mwishoni, wakafikiri ni sehemu ya ngoma, wakapiga makofi.

Sasa unataka niende hospitali siku tano kabla? Nani atatangulia, Radko anayetembea kama bata? Baada ya Jumapili tutaona.

Kijana Tancho kaniletea bata mzinga, sijui kama nimekuambia. Mama anakusalimu, anasema vaa vizuri, huko bahari ina unyevu.

Kanyo


Stara Zagora, Jumamosi 20 Februari 1999

Kaka yangu,

Nimekuja.

Nimeshindwa kufika nyumbani, mguu umevimba kwa kukaa kwenye basi, nimepumzishwa hapa Stara Zagora kwenye nyumba kubwa ya watu. Ghorofa ya tatu. Mincho atakuonyesha mlango, njoo naye sasa hivi na gari lake. Moskvich iache. Usingoje kesho. Kengele zitakungoja, mimi siwezi.

Nataka kuubusu mkono wako kabla ya Jumapili kwisha.

Neda


Volos, Ijumaa 26 Februari 1999

Kaka,

Sijui nani atakusomea hii. Kama ni nesi, dada, tafadhali soma polepole, anapenda kusikia kila neno.

Nilidanganya. Barua ile niliiandikia hapahapa Volos, jikoni, nikaandika juu yake jina la Stara Zagora, penye hospitali. Mincho nilimwambia, "Kwa daktari hataenda, hata kwa kamba. Kwa jina langu ataenda." Alikataa mara mbili. Mara ya tatu nilimsomea mstari wako kuhusu Mama, akavaa koti. Mama ana miaka minne kaburini, Kaka, wewe mwenyewe uliniwashia mshumaa pale.

Jumatano Mincho amenieleza. Kwamba ulivaa koti la harusi. Kwamba ulipanda ngazi za hospitali ukishikilia ukuta, ukiniita kila mlango. Kwamba walipokuja na kiti cha magurudumu uliwaambia, "Mpelekeeni dada yangu, mguu wake umevimba." Hapo nikamwambia Mincho anyamaze.

Walikuwa wanakunyoa alipoondoka. Zaidi sijui.

Na dawa nilikutumia mimi. Kwa mkono wangu, boksi mbili.

Nedyalka


Volos, Ijumaa 12 Machi 1999

Kaka Kanyo,

Nabusu mkono wako.

Mincho anasema unakula. Anasema wametoa damu, mkono umerudi, unagombana na madaktari kuhusu supu. Nilimnunulia keki kwa habari hiyo. Halafu akasema kila akitaja jina langu unageukia ukuta.

Una haki. Kwa hiyo nitasema na lile la zamani, ugeukie ukuta mara moja kwa yote mawili. Alipokufa Mama nilikuandikia kwamba mpaka ulikuwa umefungwa. Haukufungwa, Kaka. Nilikuwa na nauli na nilifika mpaka kituo cha basi, na begi. Niliogopa kwamba nikiuona uwanja wetu na wewe umesimama hapo, sitaweza kuondoka tena, na nikirudi kijijini tutakula nini wote. Basi likaondoka. Nilikaa kwenye benchi mpaka likaja la kesho yake, na hilo pia nikaliacha.

Ndiyo maana kila mwaka naomba msamaha kwa barua. Sikuwa na uso wa kuuomba mbele yako.

Neda


Krushevo Dol, Jumanne 30 Machi 1999

Mdogo wangu Nedyalka,

Salamu kutoka kwa mtu mwenye matundu mawili kichwani, la kuingiza akili na la kutolea. Nimerudi nyumbani tangu juzi. Mbwa hakunitambua mpaka nilipomtukana.

Nikusimulie, maana Mincho husimulia kama anavyoendesha, anaruka vituo. Daktari alikuwa binti mdogo, ana mafua. Ananiuliza, "Mzee, uligongwa lini?"

"Sijagongwa."

"Kumbuka vizuri."

"Aa, ile? Ile ya Januari, binti yangu, hata damu haikutoka."

"Ilitoka. Ilitoka kwa ndani."

Baadaye alinionyesha kwenye picha. Baka kubwa la kijivu, limeusukuma ubongo pembeni kama abiria mnene kwenye kiti cha watu wawili. Ilipotoka ilikuwa nyeusi, Neda, kama mafuta ya injini ambayo hayajabadilishwa tangu Libya. Akasema, "Ungevaa zile kengele Jumapili, wiki hiyohiyo tungekuzika." Nikamwambia ningezikwa kama kiongozi. Akaniambia meza supu.

Tancho alikuja, alilia wodini mpaka nesi akamfukuza. Ameapa kuniletea bata mzinga. Nikamwambia wa kwanza nilishamla, ila nakumbuka nilimsimulia mara tatu, huyo mmoja alitosha ukoo. Na alitangulia Radko. Alitembea kama bata. Ngano ikitoka fupi mwaka huu mkamlaumu yeye, mimi nina cheti cha daktari.

Sasa hilo la ukuta.

Jumamosi ile sikumbuki mengi. Nakumbuka nilipaka mafuta nywele, na saa mbili baadaye wakazinyoa, mafuta ya bure. Nakumbuka ngazi. Ghorofa ya kwanza nilijiambia, amezeeka, usionyeshe umeshtuka. Ya pili nilijiambia, usimlilie, ni wewe mkubwa. Ya tatu nilikuwa nimeshasahau nimejiambia nini, nilikuwa naita tu. Mfukoni nilikuwa na halua yako, ile nyeupe ya Jumapili ya Msamaha, niliyokukatia kipande kikubwa. Nesi aliitia kwenye droo pamoja na viatu vyangu. Imekuwa tofali, ila ninayo, iko kwenye kabati la vikombe, mahali pa vile viwili.

Nilipoamka niliuliza kama basi limefika. Wakaniuliza basi gani.

Nilipojua, nilikasirika siku moja, nusu siku kwa kweli. Halafu Mincho akawa anakuja na kusema "Nedyalka" hivi, "Nedyalka" vile. Kanyo hakugeukia ukuta kwa hasira. Mwanamume aliyenyolewa kama yai hawezi kulia mbele ya dereva wa basi. Atalisimulia mpaka Athene.

Hilo la benchi nililijua. Mincho ndiye aliyekuwa zamu siku ile, alikuona na begi, akaniambia wiki hiyohiyo, kaburi la Mama bado udongo mbichi. Miaka minne nangoja uniambie mwenyewe. Nilidhani ukija utaniambia, ndiyo maana nikawa nakataa karatasi zako. Mjinga mimi, nilifunga mlango uleule ambao wewe ulikuwa umesimama nje yake.

Basi sikiliza. Mkono wa kulia ninaoandikia uko mzima, hivyo haya si maneno ya damu iliyovia. La Mama: Mungu akusamehe, nami nimekusamehe. Kwa barua, kwa basi, vyovyote. La aspirini halina msamaha, maana halina kosa, ulinitumia ulichokuwa nacho na machungwa matano.

Lakini la kunidanganya kwamba umekuja, hilo nimelibakiza. Hilo silisamehe kwa karatasi hata ukiniandikia kila Ijumaa mpaka nife, na daktari anasema sasa sifi karibuni. Hilo utakuja kuliombea hapa, uwanjani, na kadi yako ya kiangazi mfukoni, uubusu mkono huu mbele ya Radko.

Msamaha huo hausafiri kwa basi, Neda. Wewe unasafiri.

Kaka yako,
Kanyo